Tezi Dume na Reli Iliyong'olewa
Mwaka 1945 daktari Terence Millin wa London alitangaza njia ya kuondoa tezi dume iliyotanuka bila kukipasua kibofu. Miaka miwili baadaye Waingereza walianza mpango wa karanga uliofika Nachingwea, wakaleta matrekta na reli. Karanga zilishindwa, reli ikang'olewa.

Leo tiba zimeongezeka: tamsulosini hulegeza misuli, finasteridi hupunguza tezi polepole kwa miezi, na tezi hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo pasipo kisu tumboni. Hata hivyo, Ruangwa nimewaona wazee wakiishi na mpira wa mkojo, mfuko umefichwa ndani ya msuli. Wengine walichelewa kwa aibu, wakiuita uzee. Mmoja, aliyeikumbuka reli ile, alikuwa akingoja msimu wa korosho apate nauli ya kumfikia mpasuaji.