KABLA FIKSI HAIJAWA FASHENI: Matarishi wa New York na Baiskeli Zao za Baridi

Kijiweni ukisikia neno "fiksi" unajua kuna mtu anadanganya. Ila wapenda baiskeli wana fiksi yao: fremu nyembamba, gia moja, hakuna waya zinazoning'inia. Huko mitandaoni inapigwa picha kama kiatu kipya. Wengi wanadhani ni swaga tu, kumbe ule wepesi wake ulikuwa na kazi. Kuna watu waliutegemea ili wapate hela ya kula Januari, theluji ikiwa imejaa barabarani.

Kwanza, fiksi ni nini? Ni baiskeli isiyo na friwili. Pedali na gurudumu la nyuma ni chanda na pete: gurudumu likizunguka, miguu nayo inazunguka. Hakuna kupumzisha miguu kwenye mteremko. Ukitaka kupunguza mwendo, unazikaza pedali kwa kurudisha nguvu nyuma.

Asili yake ni viwanja vya mbio. New York ilikuwa na mbio kubwa kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, na mpaka leo kuna mchezo wa baiskeli kwenye Olimpiki unaoitwa "Madison" kwa sababu ya ukumbi huo. Kule Uingereza, waendeshaji wa vilabu walikuwa na desturi yao: baridi ikiingia, baiskeli nzuri inawekwa ndani, inatolewa fiksi yenye madigadi. Sababu ni rahisi. Kisichokuwepo hakiharibiki.

Hiyo sababu ndiyo iliyowakuta matarishi wa Manhattan. Miaka ya 1980, kabla ya imeili, mikataba, michoro na kanda za matangazo zilikuwa zinatoka ofisi moja kwenda nyingine mgongoni mwa kijana mwenye baiskeli. Wengi walilipwa kwa kila kifurushi. Hujapeleka, hujala. Inasimuliwa sana kuwa wahamiaji kutoka visiwa vya Caribbean, kama Jamaica na Trinidad, ndio waliozitoa fiksi viwanjani na kuziingiza kwenye kazi hiyo.

Jiji halikuwapenda. Mwaka 1987 meya Ed Koch alitangaza kuwa baiskeli zisipite Fifth, Park na Madison Avenue, kuanzia mtaa wa 31 hadi wa 59, siku za kazi, saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Yaani saa zile zile za mkate wao! Matarishi wakaingia barabarani kwa makundi kuandamana, na mwaka huo huo mahakama ikalitupa katazo kwa sababu jiji halikulitangaza kwa utaratibu unaotakiwa.

Meya walimshinda. Baridi je?

Baridi ya New York inashuka chini ya sifuri, na jiji linamwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Chumvi ikichanganyika na tope la theluji inakula chuma kinoma. Kwenye baiskeli ya gia nyingi, tope linaganda kwenye meno, waya zinakwama, na friwili yenye grisi iliyoganda inaweza kuacha kushika, ukabaki unakanyaga hewa katikati ya magari. Fiksi haina hivyo vitu. Ina cheni, meno mawili na miguu yako. Zaidi ya hapo, miguu inahisi mapema tairi la nyuma linapoanza kuteleza.

Lakini hata fiksi ilibidi iandaliwe. Fremu za uwanjani ni za kubana, hazina nafasi ya tairi nene wala tundu za kufungia madigadi. Ndiyo maana fremu kuukuu ya chuma ya baiskeli ya barabarani ilikuwa dili. Inapokea tairi la milimita 28 au 32 badala ya 23, na upepo unapunguzwa kidogo ili tairi liishike barabara. Gia inalegezwa, mfano meno ya nyuma kutoka 16 kwenda 18, maana kwenye theluji huhitaji kasi, unahitaji kuondoka na kusimama bila kushtukiza. Cheni inafutwa na kupakwa mafuta kila mara, na haitakiwi kulegea: ikichomoka, inaweza kukwamisha gurudumu la nyuma ghafla. Pedali lazima zipokee buti. Ndani ya buti, mfuko wa plastiki juu ya soksi.

Halafu kuna breki ya mbele. Wapo waliojisifu kuendesha bila breki kabisa, na hapo ndipo sifa zinapoua. Ukikwamisha gurudumu la nyuma kwenye barafu, baiskeli haisimami, inaserereka tu. Breki ya mbele nayo haitaki papara, lakini lami ikiwa imelowa tu, hiyo ndiyo inayokutoa mbele ya teksi. Uingereza sheria haina utani: fiksi ya barabarani lazima iwe na breki ya mbele.

Baadaye faksi na imeili zikazila kazi zao. Filamu zikawageuza mashujaa, Quicksilver mwaka 1986 na Premium Rush mwaka 2012, hii ya pili ikiwa na tarishi wa fiksi isiyo na breki. Maduka yakaanza kuuza fiksi za rangi rangi kwa watu wasiowahi kubeba hata bahasha. Wale waliojifunza kwa vidole vilivyoganda ni kitu gani kibaki na kitu gani kiondoke, wengi hata majina yao hayajulikani.

Leo barabara zile zile wanapita wapeleka chakula wenye baiskeli za umeme. Ilipofika mwaka 2023 ndipo jiji likawawekea wanaofanya kazi kupitia programu za simu kima cha chini cha malipo, dola 17.96 kwa saa. Matarishi wa zamani hawakuwahi kuwekewa kitu kama hicho. Walichokuwa nacho ni cheni safi na breki moja.

Wadau, mngekuwa nyie, mngeingia barabarani Januari bila friwili? Dondosheni komenti.