Uhuru Ilipita Juu ya Ziwa

Mwezi uliopita baba alipigwa picha ya kifua. Kikohozi kilikuwa kimemganda wiki ya tano, na tukaona tusicheze na umri. Akarudi nyumbani Igogo na bahasha kubwa ya kaki, akaniita dirishani upande wa ziwa, akaiinua filamu kuelekea mwanga. Mbavu zake zikaonekana, na nyuma yake mitumbwi.

"Hii ndiyo ile eksirei unayoandika wewe?" akauliza.

Nilikuwa nimemwambia kwamba naandika habari za setilaiti iliyoitwa Uhuru. Alidhani namtania. Na kwa kweli hata mimi, miaka kumi na zaidi katika uandishi wa habari, sikuwa nimewahi kuisikia hadi mwanafunzi mmoja wa sekondari aliponiuliza kama kuna neno la Kiswahili lililowahi kwenda angani. Nikamjibu haraka haraka kwamba halipo. Nilimdanganya mtoto wa watu, na makala hii kwa sehemu ni deni langu kwake.

Neno lilikwenda. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwenye majukwaa mawili ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu kama visima vya mafuta. Jukwaa la kurushia liliitwa San Marco, la kuongozea Santa Rita. Yalikuwa ya Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Roma chini ya Luigi Broglio, na roketi, aina ya Scout, ilikuwa ya Wamarekani. Setilaiti yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi. Kwenye makaratasi ya NASA iliitwa SAS-A. Aliyesimamia mradi huo alikuwa mhandisi Marjorie Townsend, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza kusimamia urushaji wa setilaiti ya Marekani. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Townsend akaona jina liko mbele yake. SAS-A ikawa Uhuru.

Kwa nini Malindi, wakati Marekani ina viwanja vyake? Jibu lake linatuhusu sisi wa ziwani. Dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ikweta, kama kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki hupewa msukumo wa bure. Pia setilaiti inayozunguka karibu na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya eneo la kusini mwa Atlantiki ambako chembe zenye nguvu huvuruga vifaa. Kwa hiyo Uhuru iliwekwa kwenye njia nyembamba: haikwenda zaidi ya nyuzi tatu hivi kaskazini wala kusini ya ikweta.

Fungua ramani sasa. Ngomeni iko karibu nyuzi tatu kusini. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini. Yaani mji wetu ulikuwa ndani ya njia. Uhuru iliruka kuelekea mashariki juu ya Bahari ya Hindi, ikavuka Pasifiki, Amerika ya Kusini, Atlantiki, ikaingia Afrika kupitia Gaboni na Kongo, na kabla ya kufika tena pwani ya Kenya ikalivuka Ziwa Victoria. Ilichukua kama dakika 96 kumaliza mzunguko. Kwa kuwa dunia nayo inageuka, ilirudi juu yetu kila baada ya saa moja na dakika arobaini na kitu, mara 14 hivi kwa siku. Haikupita kila mara utosini, lakini kila ilipopita ilikuwa juu ya upeo wetu. Nimepiga hesabu kwa kalamu, toka Desemba 1970 hadi ilipoanguka, nikapata zaidi ya mara 40,000.

Mara elfu arobaini, jamani. Kitu kinaitwa Uhuru, na Igogo hakuna aliyejua.

Swali la baba lina jibu zuri. Ndiyo, ni eksirei ileile. Hospitalini mashine huirusha, mfupa unaizuia, mapafu yanaipitisha. Angani hakuna mashine. Gesi ikipashwa moto hadi mamilioni ya digrii, yenyewe hutoa eksirei, kama chuma cha mhunzi kinavyotoa wekundu kikipata moto. Tatizo ni kwamba haitufikii. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ina uzito wa maji yenye kina cha mita tisa au kumi. Ni kana kwamba sisi wote ni samaki tunaoishi kwenye kina hicho na tunajaribu kuona kinachotokea ufukweni.

Kabla ya Uhuru, wanasayansi walikuwa wakirusha roketi ndogo zilizochungulia juu ya hewa kwa dakika chache, kisha zikaanguka. Kwa njia hiyo Riccardo Giacconi na wenzake waligundua mwaka 1962 chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua letu, kwenye kundi-nyota la Nge. Miaka minane ya kuchungulia namna hiyo iliwapa vyanzo makumi tu. Uhuru haikuwa na kioo wala haikupiga picha. Ilikuwa na vihesabio viwili vilivyotazama pande mbili, nayo ikajizungusha polepole ikifagia anga kipande kwa kipande. Orodha yake ya mwisho, iliyotoka 1978, ina vyanzo 339.

Baadhi vilishangaza. Kimoja, Centaurus X-3, kilikuwa kinapiga kama moyo, kila sekunde 4.8. Ilikuwa nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota iliyokufa, ikinyonya gesi ya nyota mwenzake. Kingine, Cygnus X-1, hakikuwa na mpigo wowote wa kueleweka, kilipepesuka tu. Wataalamu wa darubini za ardhini wakafuata, wakakuta nyota kubwa ya buluu inayumbishwa kila siku 5.6 na kitu kisichoonekana. Hilo ndilo lililokubalika kuwa shimo jeusi la kwanza kujulikana.

Ila mimi kilichonikamata zaidi ni gesi. Uhuru ilipotazama makundi makubwa ya galaksi, la Coma na la Perseus, iliona eksirei haitoki kwenye kitone kimoja. Imetanda kundi zima, katikati ya galaksi na galaksi, mahali tulipodhani ni patupu. Ni gesi ya moto ajabu? Walibishana. Jibu lilikuja 1976, setilaiti ya Waingereza, Ariel 5, ilipokuta alama ya chuma kwenye eksirei ya Perseus, chuma kilichopashwa mamilioni ya digrii. Leo tunajua kwamba katika makundi hayo gesi ina uzito mara kadhaa kuliko nyota zote zilizomo. Tulizoea kuhesabu taa, kumbe ziwa lenyewe ndilo kubwa. Na Ariel 5 ilirushwa kutoka wapi? Oktoba 1974, Ngomeni hiyohiyo. Nusu zote mbili za ugunduzi huo ziliondokea pwani yetu.

Wapo wanaopenda kusema hii ilikuwa setilaiti ya Kenya. Haikuwa. Iliundwa Marekani, ikarushwa na Waitaliano, na takwimu zake zikachambuliwa Massachusetts. Giacconi alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002, na alistahili. Sisi tulichangia ikweta, bahari na jina. Siku nyingine naona jina ni heshima kubwa. Siku nyingine naona ni kama mgeni aliyelala kwako, akaondoka asubuhi na kumpa mwanawe jina la nyumba yako, kisha mtoto mwenyewe hukumwona. Taifa-1, setilaiti ambayo kweli ni ya Kenya, ilirushwa Aprili 2023. Ilirushwa kutoka California. Ngomeni haijarusha kitu tangu 1988, ingawa antena za Malindi bado zinapokea takwimu za darubini ya Swift inayowinda milipuko ya mbali.

Baba alinisikiliza yote haya akiwa ameshika filamu. Mwaka 1970 alikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wa mvuvi wa dagaa, na usiku wa giza alikuwa akilala mtumbwini chini ya karabai. Angani anachokumbuka yeye ni kitu kingine kabisa. Mwishoni mwa Machi 1979, wakati wa vita na Amin, ndege ya Libya ilikuja kuipiga Mwanza mabomu. Ikakosa. Makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Wiki zile, anasema, mji mzima ulitembea shingo juu.

"Na hiyo Uhuru yako, iko wapi sasa?"

Nikamwambia iliacha kazi 1973, ikaendelea kuzunguka ikiwa bubu, mpaka ikashuka na kuungua hewani mwanzoni mwa Aprili 1979.

"Siku zilezile za ndege," akasema. "Basi tulikuwa tunaangalia juu."

Akaomba nimrudishie filamu kwenye bahasha isije ikakwaruzika. Daktari anataka kuiona tena baada ya wiki sita.