Alama Badala ya Ujira

Michezo ya intaneti ilianza kuzalisha kazi kabla programu za simu hazijatuzoesha kukusanya alama na nishani. Mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, Luis von Ahn alibuni ESP Game. Wachezaji wawili wasiojuana walionyeshwa picha moja, kila mmoja akaandika maneno ya kuieleza. Maneno yakilingana, wote walipata alama. Neno lililolingana likawa lebo ya picha, kwani kompyuta za wakati ule zilishindwa kutambua vilivyomo pichani. Mwaka 2006 Google ikaanzisha huduma yake kwa msingi huohuo. Watu walicheza, kampuni ikavuna lebo.

Wapo watakaosema hakuna aliyelazimishwa, na kwamba burudani yenyewe ilikuwa malipo. Hoja hiyo ina uzito, lakini hiari ya kucheza haijibu swali la mavuno ni ya nani. Foldit, mchezo wa kukunja protini uliozinduliwa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Washington, ulifuata njia nyingine. Mwaka 2011 wachezaji wake walisaidia kufumbua umbo la kimeng'enya cha kirusi cha nyani, fumbo lililokuwa limewashinda wanasayansi kwa miaka mingi, na vikundi vyao vikatajwa miongoni mwa waandishi wa makala ya utafiti. Kwa hiyo kosa haliko katika kuigeuza kazi kuwa mchezo. Liko pale anayetunga kanuni anapobaki na matunda yote, na mchezaji akaachiwa alama tupu.