Kutoka Chumba Kisicho na Mwangwi hadi Programu Huria: Historia Fupi ya Kupima Spika

Mtafiti wa matamshi anapowasikilizisha watu jozi kama dhana na zana, au thamani na samani, huyahesabu makosa yao kwa makini. Ni nadra aipime spika yenyewe. Zamani alikuwa na udhuru. Makala haya yanafuatilia jinsi udhuru huo ulivyoondoka. (Nasema "spika" kwa makusudi. "Kipaza sauti" kwa wengi wetu ni maikrofoni pia, na katika kazi hii vifaa hivyo viwili hutazamana.)

Kupima mwitiko wa masafa ni kuuliza: spika ikipewa umeme wa kiwango kilekile kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000, masafa yapi hutoka kwa nguvu na yapi hufifia? Kikwazo ni kuta, kwa kuwa hurudisha sauti ikachanganyika na ile ya asili. Katika miaka ya 1940 jibu lilikuwa chumba kisicho na mwangwi, kama alichojenga Leo Beranek katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1967 Richard Heyser alionesha kwamba sauti ya moja kwa moja yaweza kutenganishwa na marejeo yake kwa tofauti ya muda wa kuwasili. Kisha, mwaka 2000, Angelo Farina wa Chuo Kikuu cha Parma akawasilisha njia ya mlio unaopanda kilogarithi: kompyuta huucheza, maikrofoni huunasa, na hesabu hutoa mwitiko huku upotoshaji wa spika ukijitenga kando.

Hesabu hiyo sasa hufanywa na Room EQ Wizard, ambayo ni ya bure ingawa si huria. Lakini hata Praat, programu huria ya Paul Boersma na David Weenink ambayo wanafonetiki wengi tayari wanayo, yaweza kuunda mlio huo na kuuchanganua.

Chumba cha kawaida kina mpaka wake. Rejeo likichelewa milisekunde 5, yaani likisafiri takriban mita 1.7 zaidi, matokeo ya chini ya Hz 200 hayaaminiki. Kwetu hasara hiyo ni ndogo, maana nguvu kubwa ya [s] iko juu ya Hz 4,000. Spika inayofifia huko huweza kuzifanya samani na thamani zikaribiane, na kosa likaandikwa kwa msikilizaji, pengine likaitwa athari ya lugha yake ya kwanza. Hivyo ripoti za majaribio ya usikivu zinazotumiwa kupanga ufundishaji ziambatishwe mchoro wa mwitiko wa spika, pamoja na maelezo ya maikrofoni iliyotumika, kwani kasoro zake nazo huingia katika mchoro huo.