Kukwama kwa pedali ya mafuta

Ni hitilafu inayoifanya injini iendelee kuvuta ingawa dereva ameshaondoa mguu. Kwenye magari ya zamani chanzo huwa waya uliochakaa au springi iliyolegea. Kwenye yale ambayo pedali yake hutumia sensa badala ya waya, hitilafu mara nyingi hulipunguzia gari nguvu badala ya kuliongezea. Kisa mashuhuri ni cha Agosti 2009 karibu na San Diego, Marekani: kapeti la mpira la gari la aina nyingine liliing'ang'ania pedali ya Lexus, watu 4 wakafa. Toyota iliyarudisha gereji mamilioni ya magari. Wachunguzi wa NASA, mwaka 2011, hawakupata ushahidi wa kosa la kielektroniki lililosababisha hitilafu hiyo kwenye magari ya Toyota. Hitilafu hii ikikukuta, kanyaga breki kwa nguvu bila kuiachia, maana kuipampu humaliza msaada wake, kisha weka gia huru. Injini huzimwa gari likishasimama.