Kuhamia ordinatere mpya kazini bila kufunga biro

Mu biro nyingi za Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira, kazi yote inalala ndani ya ordinatere moja: orodha ya wanamemba wa koperative, mishahara, fakture, barua, ripoti za kila mwezi. Mashini ikichoka, wananunua ingine, na mara nyingi wanataka kuhamisha kila kitu kwa siku moja. Asubuhi wanafunga ya zamani, saa nne wateja wanafika, na mpya haijajua hata imprimanti iko wapi.

Njia yenye kufaa ni kuacha mashini mbili zikae pamoja kwa majuma mawili ao matatu. Ya zamani inaendelea na kazi, mpya inatayarishwa pembeni. Siku ya kubadilisha ikifika, kila kitu kimekwisha kujaribiwa. Kwa hiyo mpya inunuliwe mbele ya ile ya zamani kufa kabisa. Ikisha kufa, hakuna tena kuhama, ni kuokoa.

Mingi wanahama wakati huu juu ya Windows 10. Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft haiihudumii tena kwa njia ya kawaida. Mashini haizimiki, lakini matundu ya usalama yanayovumbuliwa hayazibwi sawa zamani. Windows 11 nayo inaomba kipande kinachoitwa TPM 2.0, na ordinatere nyingi za mtumba zinazouzwa sokoni hazina. Muuzaji aulizwe jambo hilo mbele ya kulipa, maana nyuma ya kulipa hakuna atakayeongeza kipande hicho.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia dukani. Mashini zinazopitia Dubai ao Uganda zinakuja mara mingi na klavye ya QWERTY na fishi ya miguu mitatu. Fishi inatengenezwa na adaptateri ya bei ndogo. Klavye ni shida kubwa kidogo, kwa sababu mtu aliyezoea AZERTY anaandika neno la siri, herufi A inatoka Q, na nyuma ya kukosea mara kadhaa, akaunti inajifunga. Windows inaweza kupangwa ifuate AZERTY, ila herufi zilizochapwa juu ya vidude hazitabadilika.

Kutafuta fishie zote

Wengi wanakopia dosie ya “Documents” na kusema wamemaliza. Lakini sekretere ameweka nusu ya kazi juu ya “Bureau”, mhasibu amesahau fakture ndani ya “Téléchargements”, na programu ya uhasibu iko na dosie yake peke yake ndani ya diski C, fasi ambayo hakuna mtu anafungua. Kila anayetumia mashini aulizwe anaweka kazi yake wapi, na majibu yaandikwe kwenye karatasi. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo inayookoa zaidi kuliko zote.

Programu ya uhasibu haihamishwi kwa kukopia tu. Iko na amri yake ya kufanya “sauvegarde”, kisha katika mashini mpya programu inawekwa upya na ile sauvegarde inarudishwa ndani. Namba ya lisansi itafutwe mapema, na muuzaji wa programu aulizwe kama lisansi moja inaruhusu mashini mbili kwa muda huo.

Kukopia mara mbili

Kopi ya kwanza, ile kubwa, ifanywe jioni ao siku ya posho, wakati kazi imesimama. Flash ya kawaida ikipitisha mega 10 kwa sekunde, giga 40 zinamaliza zaidi ya saa moja, na fishie ndogondogo nyingi zinachelewa zaidi. Diski ya nje ni afadhali. Flash iliyotayarishwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei fishie moja inayopita giga 4, hata kama fasi ingali kubwa.

Hapana kukata, ni kukopia. Ukichagua “Couper” na kuranti ikaenda katikati, hujui tena kitu gani kiko upande gani. Ukikopia, ya zamani ingali mzima hata kama yote yameharibika njiani. Mashini ya mezani iwe kwenye ondilere, ya mkononi iwe na batri imejaa, na ile desturi ya ordinatere kulala yenyewe izimwe kwa usiku huo. Antivirusi ipite kwanza. Ile virusi inayogeuza dosie kuwa “raccourci” imetembea sana mu masekretaria ya mijini kwetu, na ni hasara kuihamisha pamoja na kazi.

Windows iko na programu ndogo inaitwa robocopy. Mtu anafungua dirisha la amri, anaandika kwa mfano robocopy C:\Kazi E:\Kazi /E, na dosie yote inakwenda. Faida yake ni kwamba kuranti ikikatika, unarudilia amri ileile na inaruka vile vimekwisha kufika. Lakini chaguo la /MIR liachwe kwa wenye kulijua, kwa sababu linafuta upande wa pili kile ambacho hakiko upande wa kwanza.

Nyuma ya kopi, bonyeza dosie upande wa kuume, fungua “Propriétés”, na ulinganishe hesabu ya fishie na “Taille” katika mashini mbili. Kisha fungua fishie chache, zile za zamani sana na zile za jana.

Kopi ya pili ni ya jioni moja mbele ya kubadilisha, na hiyo ni fupi, maana inabeba tu kile kilichobadilika.

Kujaribu mbele ya wateja

Imprimanti ichape ukurasa mmoja kweli, isiseme tu iko tayari. Baadhi ya imprimanti za zamani hazina piloti ya Windows 11, na hilo lijulikane wakati mashini ya zamani ingali kazini.

Kisha Excel. Mashini mpya ikiwa imepangwa Kiingereza cha Marekani, ukiandika 03/04/2026 itaelewa tarehe 4 mwezi wa tatu, na 25/03/2026 itabaki maneno matupu yasiyohesabika. Sehemu za franga zinazotengwa kwa alama ya mkato zinachanganyika pia. Rejioni ipangwe Kifaransa mbele ya mtu yeyote kuingiza mshahara hata mmoja.

Akunti za barua pepe njo fasi watu wanakwama zaidi. Gmail inapoona mashini isiyoijua, inaweza kutuma kodi kwa namba ya simu iliyoandikishwa. Mu biro fulani namba hiyo ni ya sekretere aliyeacha kazi miaka miwili iliyopita. Ibadilishwe katika mashini ya zamani, wakati ingali imefunguliwa. WhatsApp haina shida: kodi inasomwa na simu na mazungumzo yanaonekana. Vilevile kwa biro za zone de santé zinazotumia DHIS2, data iko kwenye serveri, kinachohama ni neno la siri tu, pamoja na tablo za Excel zilizobaki pembeni.

Siku ya kubadilisha isiangukie mwisho wa mwezi wala siku za ripoti. Katikati ya mwezi ni salama. Tangu asubuhi hiyo, mtu yeyote asiandike tena ndani ya mashini ya zamani. Karatasi ibandikwe juu ya ekra: KUSOMA TU. Pasipo hiyo, juma moja baadaye kutakuwa orodha mbili za wanamemba, kila moja iko na majina ambayo ingine haina, na hakuna mashini itakayosema ipi ni ya kweli.

Kopi moja ilale nje ya biro. Diski mbili kabatini moja ni kopi moja tu, na wakaaji wa Bukavu wanajua jinsi moto unavyopita haraka katika mitaa ya nyumba za mbao.

Mashini ya zamani ikae mwezi mzima mbele ya kuuzwa ao kupewa mtoto wa mkubwa. Kufuta fishie na kufanya “formatage rapide” hakuondoi kitu, programu za bure zinarudisha. Windows iko na “Réinitialiser ce PC”, yenye chaguo la kusafisha diski kabisa, inachukua masaa. Kwa biro yenye majina ya wagonjwa ao wanamemba, kazi hiyo ni ya lazima: Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inalinda data za watu. Na kwa upande wa hesabu, sheria za OHADA, ambazo Kongo inafuata tangu 2012, zinaomba vitabu vya uhasibu na vipande vyake vichungwe miaka kumi. Biro nyingine zinaondoa diski ya zamani, wanaandika mwaka juu yake, na kuifungia pamoja na resi.