Scania Isiyo na Magurudumu

Nilipotea wiki mbili hivi, nilikwenda kwetu Iramba kumsalimia bibi. Na si mnajua, ukifika kijijini unatokea Dar hawakuachii ukae kivulini unywe chai tu. Asubuhi ya kwanza nikakabidhiwa shoka. "Mume wangu wa mjini, leo utanichanjia kuni, tuone kama shule imekubakizia mikono."

Basi bwana, gogo la tatu likapasuka, ndani mashimo matupu. Ukamwagika unga mweupe, ungedhani umetoka mashineni, na funza wadogo wamejikunja kama herufi C. Nikamwita bibi. Akainama, akatazama, akatema mate pembeni. "Scania."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Niseme ukweli, mimi si mtaalamu wa wadudu. Miti yetu ina bungua wa kila namna, na huenda wale walikuwa wenyeji tu ambao hawajamkosea mtu. Lakini bibi hakuwa anataja aina ya mdudu, alikuwa anataja mwaka.

Scania ndilo jina ambalo wakulima wa huku walimpa dumuzi, ambaye wanasayansi wanamwita Prostephanus truncatus. Ni mdudu wa milimita 3 hadi 4, wa ukoo wa watoboa mbao, na hata leo anaweza kuishi na kuzaliana kwenye mti mkavu huko porini. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, kulekule yalikotoka mahindi yenyewe. Mahindi yalitutangulia kufika Afrika karne kadhaa zilizopita, sisi tukayazoea mpaka tukayaita chakula chetu, halafu mla mahindi wa kwao akayafuata! Inaaminika aliingia nchini miaka ya mwisho ya 1970 ndani ya mahindi yaliyoagizwa kutoka nje. Mwaka 1981 akatambuliwa rasmi mkoani Tabora, ikiwa ni mara ya kwanza kuonekana Afrika.

Kwa nini Scania? Wapo wanaosema ni kwa sababu alikuja na malori ya chakula, wapo wanaosema ni kwa nguvu zake, anatoboa chochote kilicho mbele yake. Mimi naona yote mawili ni kweli. Kutoka Tabora kuja kwetu ni Igunga, unapanda mlima Sekenke, umefika. Gunia likipanda lori, mdudu naye kapata lifti. Mwaka 1983 alikuwa ameshaonekana Taveta, Kenya, ambako miaka ya baadaye watu walimbatiza Osama. Kila kizazi na jina lake la kuogofya.

Bibi anauhesabu mwaka wake kwa msiba: ni mavuno yaliyofuata baada ya Sokoine kufariki, kwa hiyo ni 1984. Mahindi waliyahifadhi kama walivyofundishwa na wazazi wao, yakiwa na magunzi yake, ndani ya lindo la magome ya mti. Kumbe hapo ndipo dumuzi anapopenda, maana punje iliyoshikwa kwenye gunzi anaitoboa kwa urahisi kuliko iliyopukuchuliwa. Na lindo lenyewe ni mti, nalo linatoboleka. Watafiti waliopima maghala ya wakulima wa Tabora miaka hiyo walikuta hasara inayofika theluthi moja ya uzito kwa miezi michache tu, na makopa ya muhogo ndiyo yaliumia zaidi.

"Nilipofungua," bibi akasema, "nilidhani kuna mtu kanisagia."

Kilichowavusha ni mtama na uwele, ambavyo mdudu huyo havipendi sana. Vyakula vilevile ambavyo sisi wasomi tunaviita vya njaa. Pamoja na hayo ng'ombe wawili waliuzwa, na baba yangu, wakati huo kijana wa sekondari, hakurudi shule. Alikwenda Manyoni akapanda treni ya Dar. Miaka yote nilijua baba aliacha shule, sikujua ni kwa nini. Nyumbani hilo halikuulizwa.

Serikali na FAO walikuja na kampeni: pukuchua mahindi, changanya na dawa ya unga, Actellic Super, ndipo uhifadhi. Iliwasaidia wengi. Baadaye wanasayansi wakaleta mdudu mwingine kutoka hukohuko Amerika ya Kati anayewala dumuzi, wakamwachia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Siku hizi kuna mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, mdudu anakosa pumzi humo ndani. Bibi anayo minne, kaipanga chini ya kitanda. Lindo la zamani liko nyuma ya nyumba, limejaa matundu, kuku wanatagia humo.

Wale funza wangu sikupata hata nafasi ya kuwapiga picha. Bibi aliligonga gogo chini mara mbili, na kuku wa Singida mnawajua, hawasubiri kuitwa.

"Haya, endelea," akaniambia. "Bado magogo sita."